Barua ya wazi kwa viongozi wa Kilifi: Kiitaliano cha vijana wa Malindi kisiuzwe bure

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi,
Kwa Waheshimiwa wawakilishi wadi wa Bunge la Kaunti ya Kilifi,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Dijitali, Nairobi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Shella, Malindi, nikiwa mtu aliyefanya kazi kwa miaka mitatu Nairobi akiwahudumia wateja wa Ulaya kwa simu, na nikiwa binti wa mpishi aliyeanza kazi katika hoteli za hapa kabla sijazaliwa. Kila bajeti ya kaunti inaposomwa tunasikia ahadi ya ajira za kidijitali, na mara nyingi ahadi hiyo huishia kwenye kompyuta chache na cheti cha mafunzo. Safari hii naomba tuizungumzie kazi yenyewe: kampuni kubwa za kimataifa zinazopokea simu za wateja kwa niaba ya kampuni nyingine, jinsi zilivyokua, kitu zinachokitafuta, na kitu ambacho Malindi inacho lakini sijakiona kimeandikwa katika waraka wowote wa maendeleo niliowahi kuusoma. Nakusudia Kiitaliano.

Ombi langu ni hili. Kabla kaunti au serikali ya kitaifa haijatia saini makubaliano na kampuni yoyote ya namna hii, lugha wanazozijua vijana wetu ziandikwe ndani ya makubaliano hayo kuwa ni ujuzi unaolipiwa, na masharti ya kazi yakubaliwe mapema, wakati kampuni bado inatuhitaji tukubali, wala tusingoje hadi viti na kompyuta vishafika na watu washaajiriwa.

Huenda wako miongoni mwenu wanaozijua kampuni hizi kwa majina tu, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Mtu wa Paris au Milan akipiga simu kuulizia mzigo uliochelewa, mara nyingi anayempokea si mfanyakazi wa duka alilonunua. Ni mfanyakazi wa kampuni nyingine iliyopewa kandarasi ya kupokea simu, kujibu barua pepe na ujumbe, na siku hizi hata kukagua picha na video zinazowekwa na watu kwenye mitandao ya kijamii. Duka hulipa kwa saa au kwa kila simu, na kampuni iliyopewa kandarasi hutafuta nchi ambako mshahara ni mdogo kuliko malipo hayo. Tofauti hiyo ndiyo faida yake, na ndiyo sababu kazi hii husafiri kutoka nchi hadi nchi.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Teleperformance, ambayo tangu 2025 inatumia jina la TP. Ilianzishwa Paris mwaka 1978 na Daniel Julien, ikiwa kampuni ndogo ya kuuza bidhaa kwa simu. Leo wafanyakazi wake wanakaribia nusu milioni, na mwezi Juni 2020 iliingia katika orodha ya kampuni 40 kubwa zinazopimwa katika soko la hisa la Paris. Sehemu kubwa ya ukuaji huo imetokana na kuwanunua wengine: Aegis ya Marekani mwaka 2014, Intelenet ya India mwaka 2018, na Majorel, iliyokuwa na ofisi hata Nairobi, mwaka 2023. Washindani wake wamefuata njia hiyo hiyo. Concentrix ya Marekani, iliyotenganishwa na kampuni mama ya Synnex Desemba 2020, iliungana na Webhelp ya Ufaransa Septemba 2023. Maana yake kwetu ni kwamba kampuni mnayoketi nayo leo huenda mwaka ujao ikawa mali ya nyingine, na ahadi ya mdomo aliyoitoa meneja mmoja ikaondoka pamoja naye.

Lakini katika ununuzi wote huo uko mmoja ninaotaka muutazame kwa makini. Mwaka 2016 Teleperformance ilinunua kampuni ya Marekani iitwayo LanguageLine kwa kiasi cha dola bilioni 1.5. LanguageLine hufanya ukalimani wa simu. Daktari katika hospitali ya Marekani akiletewa mgonjwa asiyejua Kiingereza hupiga simu, na mkalimani huingia kati yao mpaka mazungumzo yaishe. Mali kubwa ya kampuni hiyo ilikuwa watu wanaojua lugha mbili na namna ya kuwafikia upesi. Wafanyabiashara wenye hesabu kali waliketi mezani wakaupa ujuzi huo thamani ya dola bilioni moja na nusu. Sisi hapa tunao vijana wanaojua lugha tatu au nne, na bado tunawaita watu wasio na ujuzi.

Anayetaka ushahidi na ashuke ufuoni asubuhi yoyote wakati wa kaskazi. Atamkuta kijana ambaye hakumaliza darasa la nane akimweleza bibi wa Kiitaliano habari za maji kupwa na kujaa, bei ya safari ya bahari, jinsi ya kumpata daktari, na kwa nini mjukuu wake asikanyage mwiba wa bahari, yote kwa Kiitaliano kisichosita. Watu wa Italia walianza kuja kwa wingi tangu miaka ya 1960, mradi wao wa anga ulipoanzishwa Ngomeni, ambako tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini. Baadaye zikaja hoteli, nyumba za likizo, mikahawa na ndoa. Vizazi viwili vimejifunza lugha hii jikoni, kwenye mapokezi, ndani ya tuktuk na katika maduka ya vinyago. Baba alijifunza Kiitaliano kwa mpishi mkuu aliyekuwa akipaza sauti siku nzima. Mimi nilijifunza kwa baba, kisha kwenye dawati la wageni. Hakuna mtaala uliotufundisha wala shilingi ya serikali iliyotumika.

Ni kweli kwamba watalii ni wa msimu. Kusi ikianza kuvuma na mvua za Aprili zikiingia, hoteli nyingi hufunga milango hadi Julai, na wafanyakazi hupelekwa nyumbani bila malipo. Nimekulia katika nyumba ambayo kila Aprili mama alikuwa akihesabu unga kwa kikombe. Kiitaliano cha baba kilikuwa na kazi miezi minane na kulala miezi minne, ilhali huko Italia watu waliendelea kupiga simu za benki, za umeme, za ndege na za bima kila siku ya mwaka.

Sasa nawaomba mniruhusu niwapeleke Tirana, mji mkuu wa Albania, kwa sababu yaliyotokea huko yanatuhusu kuliko mifano ya India na Ufilipino tunayoletewa kila siku. Wakati wa utawala wa kikomunisti wa Enver Hoxha, Albania ilikuwa imejifungia mbali na dunia, lakini mawimbi ya televisheni ya Italia yalivuka mlango wa bahari ambao upana wake ni kiasi cha kilomita 70 tu. Watu walitazama kwa siri na wakajifunza lugha. Utawala huo ulipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi ilikuwa maskini sana, ila imejaa watu wanaosema Kiitaliano. Kampuni za Italia ziliuona utajiri huo, na kuanzia miaka ya 2000 vituo vya simu vikajaa Tirana hadi vikawa mmoja wa waajiri wakubwa wa vijana. Teleperformance nayo ilifungua huko.

Waalbania walikipata Kiitaliano kupitia kioo cha televisheni. Watoto wetu wamekipata uso kwa uso, wakiulizwa na kujibu, wakikemewa na kupatana bei. Wao waliweza kukigeuza kuwa mshahara wa kila mwezi. Sisi tumekiacha kwenye mchanga.

Liko jambo jingine ambalo sijasikia mtu akilitaja, nalo ni la saa. Kazi ya wateja wa Marekani ndiyo inayowaweka vijana wetu macho usiku kucha, kwa sababu New York ikifungua ofisi saa tatu asubuhi, Kenya tayari ni saa kumi au saa kumi na moja jioni. Milan ikifungua saa tatu asubuhi, Malindi ni saa tano wakati wa baridi yao na saa nne wakati wa kiangazi chao. Mwanamke mwenye mtoto mchanga anaweza kuifanya kazi hiyo na akalala kitandani mwake. Mzazi anaweza kumruhusu binti yake aliyemaliza kidato cha nne bila ya kuhofia bodaboda ya saa nane za usiku. Kwa mji wetu, na kwa jinsi familia zetu zinavyoishi, jambo hilo peke yake lingetosha kuifanya lugha hii itangulie katika meza ya mazungumzo.

Sitaki kuwapendezesha kwa kuficha ugumu. Sheria ya Italia ya mwaka 2012, iliyokazwa tena mwaka 2016, inataka mteja aambiwe yule anayezungumza naye yuko nchi gani, na akiwa nje ya Umoja wa Ulaya, mteja ana haki ya kuomba ahudumiwe na mtu aliye ndani ya Umoja huo. Tena sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data, inayotumika tangu Mei 2018, inaweka masharti mazito kabla taarifa za mteja hazijatumwa kwenye nchi kama yetu. Kwa hiyo Mheshimiwa Waziri, mazungumzo ambayo Kenya na Umoja wa Ulaya waliyafungua Mei 2024 kuhusu kutambuliwa kwa ulinzi wetu wa data yanagusa mlo wa mtu wa Malindi moja kwa moja, na naomba yasiachwe yakazeeka ofisini. Na kwa upande wa kaunti, sheria ile ya kwanza inatuambia kwamba Kiitaliano cha kubabaisha hakitatosha. Mteja akiambiwa kwamba mhudumu yuko Kenya, lazima katika sentensi mbili za kwanza aone hana sababu ya kuhamishwa. Vijana wetu wanakisema vizuri, lakini wengi hawakiandiki, na kazi hii ina maandishi mengi. Hapo ndipo fedha za mafunzo zinapohitajika: kuwafundisha kuandika wale ambao tayari wanasema. Vyuo vyetu vya ufundi hapa, na Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, vinaweza kuifanya kazi hiyo kwa miezi michache, kwa sababu sehemu iliyo ngumu zaidi ya lugha, yaani sikio na ulimi, wanafunzi watakuja nayo kutoka nyumbani.

Ukinijibu kwamba soko litaupa ujuzi huu bei yake lenyewe, nitakusimulia yaliyonipata.

Nairobi niliajiriwa kwenye laini ya Kiingereza ya kampuni moja iliyokuwa ikiwahudumia wateja wa shirika la kusafirisha mizigo Ulaya. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, ukihuishwa kila mara, hivyo kwa miaka mitatu sikuwahi kujua kama mwezi wa nne nitakuwa na kazi. Nilipewa jina la Sofia. Kwenye pembe ya skrini palikuwa na saa ndogo ambayo rangi yake ilikuwa kijani kibichi hadi dakika ya sita ya simu, kisha manjano, kisha nyekundu. Kwenda msalani kulikuwa na kitufe chake, na kitufe kile nacho kilikuwa na saa.

Usiku mmoja iliingia simu ya mama mzee aliyejua maneno matano ya Kiingereza, akiyarudia yale yale huku sauti ikizidi kutetemeka. Nilimtambua mara moja kuwa ni Mtaliano. Nikamwambia kwa lugha yake kwamba namsikia, avute pumzi, aniambie polepole. Alinyamaza kwanza, kisha akaanza kulia. Mzigo wake ulikuwa kifaa cha kusikia cha mumewe, na kwa siku kumi na moja wale watu wawili walikuwa wakiandikiana kwenye karatasi ndani ya nyumba moja. Nilitafuta, nikagundua kwamba namba ya nyumba iliandikwa pungufu kwa tarakimu moja na mzigo umelala kwenye ghala. Nikaandika upya anwani, nikaagiza upelekwe, nikamsomea namba ya kuufuatilia mara mbili ili aiandike. Simu ilichukua dakika 19.

Asubuhi yake kiongozi wa timu aliniita. Dakika 19 zilikuwa zimeharibu wastani wangu wa wiki, na bonasi ya mwezi ule ikakatwa. Nilipoeleza kwamba nilizungumza Kiitaliano, niliambiwa kwamba lugha hiyo haimo katika mkataba wangu. Nikaomba iingizwe. Nikajibiwa kwamba hakuna bajeti. Wiki hiyo hiyo simu za Kiitaliano zilizopotea njia zikaanza kuelekezwa kwangu, moja baada ya nyingine, kwa mshahara ule ule na saa ile ile ya rangi tatu. Hati yangu ya mshahara ya mwezi wa mwisho ilisema kitu kile kile ilichosema mwezi wa kwanza: mhudumu, Kiingereza.

Sikuyasimulia haya ili kumshtaki mtu. Nimeyasimulia kwa sababu ndiyo yanayotokea pale ambapo lugha haikuandikwa mwanzo. Kampuni ilijua thamani yake, ndiyo maana ikaitumia. Iliyokosekana ni karatasi.

Kwa hiyo karatasi hiyo iseme nini? Iseme kwanza kwamba kila lugha ya kigeni ambayo mfanyakazi anaitumia kazini, iwe Kiitaliano, Kijerumani au Kifaransa, ina nyongeza yake katika mshahara, na nyongeza hiyo ionekane kwenye hati ya malipo kwa mstari wake. Iseme kwamba baada ya muda wa majaribio mtu anaajiriwa kwa mkataba wa kudumu au wa mwaka na zaidi, kwa sababu hakuna benki wala mwenye nyumba anayemwamini mtu wa miezi mitatu. Iseme kwamba mhudumu hapimwi kwa dakika peke yake, na tatizo lililokwisha lihesabiwe. Na Bunge la Kaunti, ambalo linakaa hapa hapa Malindi, lipewe taarifa kila mwaka: wangapi wameajiriwa, wangapi wameondoka, na ni wakazi wa wapi.

Juu ya vyama vya wafanyakazi naomba nikae kidogo, maana najua hapa ndipo mtakapoambiwa kwamba mwekezaji atakimbia. Novemba 2022 wizara ya kazi ya Colombia ilitangaza kuichunguza Teleperformance kuhusu hali ya watu wanaokagua video za mitandao, na hisa za kampuni hiyo zikaanguka vibaya sana Paris. Haukupita mwezi, Desemba 2022, kampuni hiyo ikatia saini makubaliano ya kimataifa na shirikisho la vyama vya wafanyakazi la UNI Global Union, ikikubali haki ya wafanyakazi kujiunga na chama. Kampuni iliyo kubwa kuliko zote katika biashara hii imekwisha kuweka saini yake. Anayewaambia kwamba jambo hilo haliwezekani Malindi, mwombeni aeleze limewezekanaje kwingineko. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki hiyo bila ya kusubiri hisani ya mtu.

Yaliyotokea Nairobi nayo mnayajua. Mei 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyeletwa Kenya kukagua maudhui ya Facebook, alizishtaki Meta, yaani kampuni yenye Facebook, na kampuni ya Sama iliyomwajiri. Mwaka uliofuata wenzake wapatao 184 wakafungua kesi yao, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema Meta inaweza kushtakiwa katika mahakama za Kenya. Watu hao walikuwa wakitazama mauaji na ukatili kwa saa nyingi kila siku. Sitaki kazi hiyo ije Malindi kwa jina la huduma kwa wateja. Makubaliano na yataje wazi aina ya kazi itakayofanywa hapa, na kampuni isipewe nafasi ya kuibadilisha baadaye kimyakimya, halafu vijana waliokuja kujibu habari za tiketi za ndege wajikute mbele ya maiti.

Kuna wanaosema tumechelewa, kwamba akili unde itazimaliza kazi hizi kabla hatujazipata. Hoja hiyo siipuuzi. Februari 2024 kampuni ya malipo ya Klarna, ya Sweden, ilitangaza kwamba mfumo wake wa kujibu wateja unafanya kazi ya wahudumu 700, na siku iliyofuata hisa za Teleperformance zikaporomoka. Hata hivyo mwaka 2025 mkuu wa Klarna mwenyewe alisema wanarudisha watu, kwa kuwa ubora ulikuwa umeshuka. Kwa uzoefu wangu, maswali mepesi ndiyo yanayokwenda kwenye mashine: mzigo wangu uko wapi, nimesahau neno la siri, salio langu ni kiasi gani. Linalobaki kwa binadamu ni lile la mama wa kifaa cha kusikia, ambaye tatizo lake halimo kwenye orodha na ambaye anahitaji kwanza kutulizwa ndipo asaidiwe. Hilo huwezi kulifanya kwa lugha uliyoikariri. Ndiyo maana nasema tusiende kushindania kazi nyepesi ya Kiingereza, ambako Manila imetutangulia kwa miaka mingi na mashine nazo zinakuja nyuma yetu. Twende na kile ambacho wenzetu wa Afrika Mashariki hawana kwa kiasi tulicho nacho.

Lakini mashine hizo zinalishwa na nini? Zinalishwa na sisi. Kila simu niliyopokea ilirekodiwa. Mwaka 2025 TP yenyewe ilieleza kwamba inatumia programu inayobadilisha lafudhi ya wahudumu wake wa India wakati simu ikiendelea, na programu za namna hiyo hujengwa kwa sauti za watu. Sauti ya kijana wa Malindi anayesema Kiitaliano kwa lafudhi ya pwani, au Kiswahili chake safi, au Kigiriama, ni mali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inautaja utambuzi wa sauti kati ya data za kimaumbile zinazopaswa kulindwa. Naomba iandikwe katika makubaliano kwamba rekodi za simu hazitatumiwa kufundishia mashine ila kwa idhini ya mfanyakazi iliyo kando ya mkataba wake wa kazi, na kwa malipo yake. Idhini iliyofichwa ndani ya ukurasa wa tisa wa mkataba, ikisainiwa na mtu mwenye njaa, mimi siihesabu kuwa idhini.

Kuhusu intaneti na umeme sitasema mengi, kwa sababu mambo hayo yanawezekana yakitakiwa. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na kutoka Mombasa hadi hapa ni mwendo wa kiasi cha kilomita 120. Langobaya kuna mtambo wa jua wa megawati 40, uliokamilika mwaka 2021. Linalohitajika ni njia mbili za mkongo zilizo tofauti hadi katika jengo lenyewe, ili moja ikikatika nyingine ishike, kwa maana kituo cha simu kinachozimika mchana mara mbili hupoteza kandarasi. Majengo yapo. Tazameni hoteli zilizofungwa kando ya barabara ya Casuarina, zenye vyumba, visima, jenereta na maegesho, ambazo zimebaki na popo. Mwenye hoteli aliyeshindwa na utalii anaweza kulipangisha jengo lake kwa kazi hii, na kaunti inaweza kumpunguzia ada kwa miaka ya mwanzo akikubali.

Nikikumbuka Ngomeni, nakumbuka kwamba Malindi haikuanza jana kukaa jirani na teknolojia ya watu wengine. Roketi ziliruka mbele ya macho ya wavuvi wetu, na makubaliano yaliyozihusu yaliandikwa katika vyumba ambavyo wavuvi hao hawakualikwa. Safari hii naomba tuwemo chumbani. Mkiketi na kampuni, muwe na watu wawili au watatu waliowahi kukaa kwenye viti vile, wanaojua ile saa ya rangi tatu inamfanya nini mtu baada ya mwaka mmoja. Wapo wengi waliorudi nyumbani kama mimi, na hawataki posho.

Nimeanza kuandika daftari. Mtaa kwa mtaa, kuanzia Shella, kisha Barani, Maweni na Ngala, naandika nani anajua Kiitaliano, alijifunza wapi, anaweza kukiandika au kukisema tu, na sasa anafanya kazi gani, kwa ridhaa ya kila mmoja. Yumo dereva wa tuktuk aliyeishi Bologna miaka sita. Yumo mama auzaye maandazi karibu na soko la zamani, ambaye kwa miaka kumi alikuwa msaidizi wa daktari wa meno wa Kiitaliano na anajua kila neno la mdomo na fizi. Serikali ikiwa na haja ya kujua ujuzi huu ulivyo, kazi hii ingefanywa na kaunti kwa mwezi mmoja kupitia wazee wa mitaa.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi mbele ya Bunge la Kaunti, na nakusudia kuitumia. Ombi hilo litafika kwa karani wa Bunge pamoja na nakala ya rasimu ya masharti niliyoyataja humu, niliyoiandaa nikisaidiwa na wenzangu wanne tuliofanya kazi hiyo Nairobi. Naomba kamati inayohusika ituite tuhojiwe juu yake, kipengele kwa kipengele, na naomba Mheshimiwa Gavana na Mheshimiwa Waziri wanijibu kwa maandishi maswali mawili: je, yako mazungumzo yoyote yanayoendelea sasa na kampuni ya huduma kwa wateja kuhusu Kilifi, na kama yapo, je, lugha za vijana wetu zimeandikwa humo kwa bei gani?

Wenu kwa heshima,

Mkazi wa Shella, Malindi,
aliyekuwa mhudumu wa wateja kwa simu